Ripoti isiyovurugika: mwongozo kamili wa staili za aya katika Word na LibreOffice Writer

Ripoti ya utafiti kuhusu parachichi za Rungwe huwa na safari ndefu. Inaanza kutaipiwa kwenye kompyuta mpakato Tukuyu, inapelekwa kwa flashi steshenari ya Mwanjelwa kuongezewa majedwali, inarudi kwa msimamizi na kutoka huko imejaa maoni pembeni, kisha inaprintiwa Iringa usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi. Katika kila kituo kitu kinasogea. Kichwa cha sura kilichokuwa juu ya ukurasa kinaangukia katikati. Namba za kurasa kwenye Yaliyomo hazilingani tena na ndani. Jedwali lililokaa vizuri linakatika vipande viwili. Virusi hulaumiwa, na mara nyingi hulaumiwa bure.

Sababu huwa mbili. Ya kwanza ni kwamba kila aya ilipambwa kwa mkono: ukubwa wa herufi hapa, herufi nzito pale, Enter tano ili sura ianze ukurasa mpya. Ya pili ni fonti iliyopo kwenye kompyuta moja na haipo kwenye nyingine. Dawa ya zote mbili inaanzia mahali pamoja, yaani staili za aya. Mwongozo huu unafuata Word ya kompyuta, toleo la 2013 na kuendelea, pamoja na LibreOffice Writer ambayo ni ya bure. Majina ya vitufe tumeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini, kwa kuwa mashine nyingi zinatumia menyu za Kiingereza. Juhudi za menyu za Kiswahili zilikuwepo: mradi wa Kilinux na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Lakini ukiingia steshenari leo utakutana na Kiingereza tu.

Sare na koti

Staili ni jina unaloipa aya: hii ni kichwa cha sura, hii ni maandishi ya kawaida, hii ni nukuu. Jina hilo hubeba fonti, ukubwa, nafasi kati ya mistari, nafasi ya juu na chini, na upande wa kulalia. Ukibadilisha staili mara moja, kila aya yenye jina hilo inabadilika, iwe kumi au mia nne.

Ifikirie kama sare ya shule. Uongozi ukibadilisha rangi ya sweta, wanafunzi wote wanabadilika. Ila yule wa Njombe aliyevaa koti juu ya sweta kwa baridi ya Juni, ukimtazama hujui kama amebadilika. Koti ndilo pambo la mkono: boldi uliyobonyeza mwenyewe, ukubwa uliouchagua kwenye kisanduku cha fonti, nafasi uliyoipanua kwa kuvuta rula. Programu hupanga mambo kwa tabaka. Chini kabisa kuna mipangilio ya msingi ya faili, juu yake staili ya aya, kisha staili ya herufi, na juu ya yote mapambo ya mkono. La juu hushinda. Ndiyo maana mtu anabadilisha staili, aya ishirini zinatii na tatu zinakaidi. Hizo tatu zimevaa koti.

Kwanza kagua

Hifadhi nakala ya faili kwa jina lingine kabla ya kugusa chochote. Kisha washa alama zilizofichika: kwenye Word bonyeza Ctrl+Shift+8 au kitufe chenye alama ya ¶, kwenye LibreOffice Ctrl+F10. Kila ¶ ni mwisho wa aya. Nukta ndogo ni spesi, mshale ni tabu, na mshale uliopinda ni Shift+Enter, yaani mstari umekatwa lakini aya inaendelea.

Faili lenye afya lina ¶ moja kila mwisho wa aya. Faili gonjwa lina ¶ tupu zilizopangana kama vigingi kabla ya kila sura, spesi thelathini kusukuma kichwa katikati, na tabu nne mwanzoni mwa nukuu. Hivyo vyote ni kazi ya staili iliyofanywa kwa vidole, na ndivyo vinavyosogea faili likihama mashine. Mstari mmoja ukiongezeka ukurasa wa tatu, vigingi vyote vinateleza.

Kujua aya ipi imevaa koti, kwenye Word weka kasa (kile kistari kinachowaka na kuzimika unapoandika) ndani ya aya na ubonyeze Shift+F1. Upande wa kulia litafunguka dirisha la Reveal Formatting. Chini yake weka tiki kwenye "Distinguish style source", litakutenganishia kilichotoka kwenye staili na kilichowekwa kwa mkono. Kwenye LibreOffice kuanzia toleo la 7.6 fungua staili kwa F11 na uweke tiki kwenye "Spotlight" chini ya dirisha. Kila aya itapata kisanduku cha rangi na namba pembeni, na aya yenye mapambo ya mkono kisanduku chake kitachorwa mistari ya mshazari. Hakuna njia ya haraka zaidi ya kukagua faili uliloletewa na mtu mwingine.

Amua staili zako kabla ya kufungua menyu

Staili nane zinatosha ripoti ya chuo. Kama chuo chako kina mwongozo wake wa uandishi, vipimo vyake ndivyo sheria. Vilivyo hapa ni vya kuanzia.

Maandishi makuu: tumia "Body Text", Times New Roman 12, nafasi ya mistari 1.5, pointi 6 baada ya aya, yamenyooshwa pande zote. Kama kuna nafasi baada ya aya, usiingize tena mstari wa kwanza ndani. Chagua kimoja.

Heading 1 kwa sura: 14, nzito, katikati, pointi 18 baada yake, na ianze ukurasa mpya kwa staili yenyewe.

Heading 2: 12, nzito, kushoto, pointi 18 juu na 6 chini. Heading 3: 12, nzito na ya mlazo, pointi 12 juu na 6 chini. Nafasi ya juu iwe kubwa kuliko ya chini kila mara, ili kichwa kishikamane na maneno yake na siyo na aya iliyopita.

Nukuu ndefu: staili ya "Quote", ukubwa 11, mistari ya nafasi moja, sentimita 1 kutoka kushoto na 1 kutoka kulia.

Maandishi ya jedwali: staili mpya utakayoitengeneza, ukubwa 10, nafasi moja, pointi 2 juu na 2 chini, kushoto.

"Caption" kwa majina ya majedwali na picha: 11, nzito. Jina la jedwali hukaa juu ya jedwali, la picha hukaa chini ya picha.

Marejeo: staili mpya, nafasi moja, pointi 6 baada, mstari wa kwanza ukianza pambizoni na mingine ikiingia sentimita 1.27. Hii usiinyooshe pande zote, iache kushoto. Anwani ndefu ya tovuti haikatiki, na programu italazimika kutawanya maneno ya mstari uliotangulia mpaka uonekane na mapengo.

Kwa wanaofikiri kwa sentimita: pointi 72 ni inchi moja, na sentimita moja ni kama pointi 28.

Kwa nini Body Text na siyo Normal? Kwa sababu karibu kila staili kwenye Word inarithi kutoka Normal: vichwa vya ukurasa, namba za chini, maelezo ya chini, maandishi ya ndani ya majedwali. Ukiweka mistari 1.5 na pointi 6 kwenye Normal, umeviambia vyote hivyo vifanye vivyo hivyo, kisha utashangaa jedwali la bei za viazi la mistari ishirini linajaza kurasa mbili. Kwenye Normal weka fonti, ukubwa na lugha tu, uiachie Body Text mambo ya nafasi. LibreOffice imejengwa hivyo tayari: "Default Paragraph Style" ni mzazi, "Body Text" ni mtoto.

Kuweka vipimo kwenye Word

Fungua dirisha la staili kwa Ctrl+Alt+Shift+S. Kama Body Text haionekani, bofya "Options" chini ya dirisha na uchague "All styles". Kisha:

1. Bofya kwa kitufe cha kulia cha mausi jina "Normal", chagua "Modify". Weka Times New Roman 12. Bofya "Format" chini kushoto, kisha "Paragraph": nafasi baada iwe 0, mistari iwe Single. Hapo Word huja na chake. Matoleo ya miaka mingi huja na Calibri 11 na pointi 8 baada ya kila aya, na mapya tangu 2023 huja na fonti ya Aptos.

2. Bado kwenye Normal, bofya "Format", kisha "Language", uchague Kiswahili. Usipofanya hivi programu itadhani unaandika Kiingereza kibovu, itapiga mistari myekundu kila mahali na kurekebisha maneno ambayo hayakuhitaji kurekebishwa. Kwa kuwa staili nyingine zinarithi, umelimaliza mara moja.

3. Nenda "Body Text", Modify, Format, Paragraph. Weka 1.5, pointi 6 baada, Justified. Kichupo cha "Line and Page Breaks" kina "Widow/Orphan control". Iache na tiki, inazuia mstari mmoja wa aya kubaki peke yake juu au chini ya ukurasa.

4. Nenda "Heading 1", Modify. Rangi ya bluu ibadilishe iwe "Automatic". Fonti ichague kwa jina lake kamili, usiiache ile yenye neno Headings pembeni, maana hiyo hufuata mandhari ya faili na itabadilika siku mtu akibadilisha mandhari. Kwenye Paragraph, kichupo cha "Line and Page Breaks", weka tiki "Page break before" na "Keep with next".

5. Kwenye kila kichwa, angalia kisanduku cha "Style for following paragraph" na uchague Body Text. Ukimaliza kuandika kichwa na kubonyeza Enter, unaingia moja kwa moja kwenye maandishi ya kawaida.

6. Heading 2 na 3 vivyo hivyo, ila bila "Page break before". "Keep with next" ni lazima. Ndiyo inayozuia kichwa kubaki mwisho wa ukurasa huku aya yake ikiwa imevuka.

Kwenye dirisha hilo hilo la Modify kuna kisanduku cha "Automatically update". Hakikisha hakina tiki. Kikiwa na tiki, ukibadilisha mwonekano wa kichwa kimoja kizima, vichwa vyote vya ngazi hiyo vinabadilika, na mtu anatafuta kosa mpaka usiku wa manane.

Kutumia staili kuna njia za mkato: Ctrl+Alt+1, 2 na 3 kwa vichwa, Ctrl+Shift+N kwa Normal. Body Text haina, lakini unaweza kuipa: Modify, Format, "Shortcut key", bonyeza mchanganyiko unaotaka, na dirisha litakuonyesha kama tayari umechukuliwa na amri nyingine.

LibreOffice kwa ufupi

Mantiki ni ile ile. F11 kufungua dirisha, bofya jina la staili kwa kitufe cha kulia, chagua "Edit Style". Kichupo cha kwanza kina "Next style" na "Inherit from"; "Indents & Spacing" ina nafasi, "Text Flow" ina "Keep with next paragraph" na mkato wa ukurasa, na "Font" ina lugha. Vichwa ni Ctrl+1, Ctrl+2, Ctrl+3, na Ctrl+0 hukurudisha Body Text. Kuna jambo moja ambalo Writer inalifanya vizuri kuliko Word: kurasa nazo zina staili zake. Kubadilisha namba kutoka za Kirumi za mwanzoni hadi 1, 2, 3 ni suala la staili mbili za ukurasa, ilhali kwenye Word utahitaji kukata sehemu kwa "Section Break" ya "Next Page" na kuzima "Link to Previous" kwenye kijachini cha sehemu ya pili kabla ya kugusa namba.

Kuvua makoti kwenye faili la zamani

Kuanza faili jipya na staili ni rahisi. Kazi ni kusafisha kurasa sabini zilizokwisha kutaipiwa. Fuata mpangilio huu, usiruke.

Anza na uchafu wa vidole. Kwenye Word bonyeza Ctrl+H. Tafuta ^l na uweke ^p. Hiyo inabadilisha kila Shift+Enter kuwa mwisho halisi wa aya. Ni muhimu hasa kwa maandishi yaliyotoka WhatsApp au kwenye tovuti. Kisha tafuta ^p^p na uweke ^p, bofya "Replace All" mara kadhaa mpaka idadi isipungue tena. Vigingi vimeng'oka. Spesi mbili zibadilishe kuwa moja kwa njia hiyo hiyo.

Kinachofuata ni kulinda herufi za mlazo, na hapa ndipo watu huumia. Ripoti ya kilimo ina majina ya kisayansi: Persea americana kwa parachichi, Coffea arabica kwa kahawa ya Mbozi. Yote yako kwenye mlazo uliowekwa kwa mkono. Ukivua mapambo yote kwa pamoja, yanarudi wima, na kuyatafuta moja moja ni adhabu. Fanya hivi kwenye Word:

1. Chagua rangi ya njano kwenye kitufe cha kuangazia maandishi. Fungua Ctrl+H. Kwenye "Find what" usiandike neno, bonyeza Ctrl+I tu mpaka uone "Font: Italic" chini yake. Kwenye "Replace with" bofya "More", "Format", "Highlight". Bofya Replace All. Kila kilicho kwenye mlazo sasa kina njano.

2. Bonyeza Ctrl+A, kisha Ctrl+Q, kisha Ctrl+Space. Ctrl+Q inavua mapambo ya aya, Ctrl+Space inavua ya herufi. Njano haiondoki kwa Ctrl+Space, na ndiyo siri ya njia hii.

3. Rudi Ctrl+H. Bofya "No Formatting" pande zote mbili kufuta masharti ya mwanzo. Kwenye Find weka Format, Highlight. Kwenye Replace bofya Highlight mara mbili mpaka iandike "Not Highlight", kisha Format, Style, uchague "Emphasis". Replace All. Mlazo umerudi, safari hii ukiwa staili ya herufi.

Kuna gharama moja. Ctrl+Space inashusha pia vipeo kama ile mbili ya m², pamoja na namba za maelezo ya chini, ambazo zitabaki kubwa kama maandishi ya kawaida. Za maelezo ya chini zirudishe kwa mkupuo: Find andika ^f, Replace acha tupu lakini weka Format, Style, "Footnote Reference". Vipeo vingine viwekee rangi nyingine ya kuangazia kabla ya hatua ya 2, kisha uvirudishe na kuifuta rangi hiyo kabla ya hatua ya 3, kwa kuwa hatua hiyo haitofautishi rangi; au uvirudishe kwa mkono mwishoni kama ni vichache.

Kwenye LibreOffice amri ya kuvua ni Ctrl+M. Kama ripoti ina mlazo mwingi, itumie aya kwa aya ukiongozwa na Spotlight, usichague faili zima.

Baada ya hapo pita toka mwanzo hadi mwisho ukiipa kila aya jina lake. Ripoti ya kurasa sabini huchukua muda mfupi kuliko unavyohofia, kwa sababu aya nyingi ni Body Text: chagua zote kwanza, zipe Body Text, kisha rudi ukibonyeza Ctrl+Alt+1 na 2 kwenye vichwa tu.

Namba za vichwa, na tatizo la "Sura ya Kwanza"

Usiandike 1.1 kwa mkono. Kwenye Word nenda Home, bofya kitufe cha "Multilevel List", chagua mpangilio unaoonyesha Heading 1, Heading 2 na Heading 3 ndani yake. Namba zimeungana na staili: ukiongeza kifungu kipya baada ya 1.2, vilivyofuata vinajihesabu upya.

Tatizo la Kiswahili ni hili: vyuo vingi vinataka "SURA YA KWANZA", na Word haijui kuhesabu kwanza, pili, tatu. Ukiandika kwa mkono bila mpango, vifungu vyake vitakuwa 0.1, 0.2. Suluhisho: fungua "Define New Multilevel List", bofya "More", chagua ngazi ya 1, iunganishe na Heading 1 kwenye "Link level to style", halafu futa kila kilichomo kwenye kisanduku cha "Enter formatting for number". Kwenye "Follow number with" weka "Nothing". Ngazi ya kwanza sasa inahesabu kimyakimya bila kuonyesha namba. Andika mwenyewe "SURA YA KWANZA: UTANGULIZI" kwa Heading 1, na 1.1 Usuli wa Utafiti, 1.2 Tamko la Tatizo vitajipanga vyenyewe. Kichwa kikae kwenye mstari mmoja wenye nukta pacha. Ukikikata kwa Shift+Enter, mkato huo utaingia pia kwenye Yaliyomo.

Writer haikubali ujanja huu: ukiondoa namba ya ngazi ya kwanza, vifungu navyo vinaipoteza. Huko nenda Tools, "Heading Numbering", ambayo matoleo ya zamani huiita "Chapter Numbering", uandike SURA YA na spesi moja kwenye "Before", ukubali "SURA YA 1".

Shukrani, Ikisiri na Viambatisho havihitaji namba wala havipaswi kuhesabiwa kama sura. Vitengenezee staili yake, mathalani "Kichwa bila namba", iliyojengwa juu ya Normal, yenye vipimo vile vile vya Heading 1, na kwenye Paragraph weka "Outline level" iwe Level 1. Vitaingia kwenye Yaliyomo bila kuharibu hesabu.

Yaliyomo

Vichwa vikishakuwa na staili, Yaliyomo ni kubofya tu: References, "Table of Contents" kwenye Word, Insert, "Table of Contents and Index" kwenye Writer. Kila ukibadilisha kitu bonyeza F9 ukiwa ndani yake na uchague "Update entire table"; kwenye Writer bofya kwa kitufe cha kulia, "Update Index". Ukiona "Error! Bookmark not defined" kwenye karatasi iliyoprintiwa, ni kichwa kilichofutwa na Yaliyomo hayakufanywa upya.

Kosa la kawaida ni kupamba Yaliyomo kwa mkono. Yatapendeza mpaka F9 inayofuata, kisha yote yatafutika. Badilisha staili za "TOC 1" na "TOC 2", au "Contents 1" na "Contents 2" kwenye Writer.

Faili likiondoka nyumbani

Majina ya asili kama Heading 1 yaache kama yalivyo. Word na LibreOffice zote zinayatambua, kwa hiyo faili likihama vichwa vinabaki vichwa. Staili unazobuni mwenyewe ndizo uzipe majina ya Kiswahili.

Kuhusu fonti: LibreOffice isiyo na Times New Roman huweka Liberation Serif, ambayo herufi zake zina upana ule ule, hivyo mistari haikatiki tofauti. Calibri nayo ina mbadala wa upana sawa, Carlito. Aptos ndiyo shida. Kompyuta ya steshenari yenye Word ya zamani haina, itaweka fonti nyingine ya upana tofauti, na kurasa 68 zinaweza kuwa 71. Ikiwa lazima uitumie, kwenye Word nenda File, Options, Save, uweke tiki "Embed fonts in the file". Writer ina sehemu hiyo kwenye File, Properties, "Font".

Kwa kuprinti na kubaindi, peleka PDF, na docx ibaki kwenye flashi kwa dharura tu. Mhudumu anapofungua docx kwenye mashine yake, mpangilio unahesabiwa upya. PDF imeshahesabiwa.

Yanayoharibika hata kwa waangalifu

Picha inaonekana kipande chembamba tu, kama imekatwa na wembe. Aya inayoibeba ina nafasi ya mistari ya "Exactly", na picha haiwezi kuzidi kipimo hicho. Ipe aya hiyo staili yenye Single, na "Keep with next" ili isitengane na jina lake.

Mstari mmoja maneno yake yametawanyika ukurasa mzima. Aya imenyooshwa pande zote na mstari huo umeishia kwa Shift+Enter. Badilisha iwe Enter.

Aya uliyobandika kutoka kwingine inakuja na fonti yake na rangi yake. Bandika kwa kitufe cha kulia cha mausi na uchague "Keep Text Only". Kwenye Writer Ctrl+Alt+Shift+V. Mtu akikutumia sura nzima ya kuunganisha na yako, hii ndiyo njia salama kuliko zote, hata kama italazimu kupanga vichwa upya.

Orodha ya staili imejaa vitu kama "Normal + 14 pt, Bold". Hizo si staili, ni makoti ambayo Word imeamua kukuonyesha. Zikikukera, dirisha la staili, Options, ondoa tiki kwenye sehemu ya kuonyesha mapambo kama staili.

Kwa anayeandika muhtasari wa kikao cha VICOBA au AMCOS kila mwezi, kazi hii yote ifanyike mara moja tu. Tengeneza faili lenye Mahudhurio, Kufungua Kikao, Yatokanayo, Mengineyo na Kufunga Kikao vikiwa Heading 2, futa yaliyomo chini ya kila kimoja, kisha Save As uchague aina ya "Word Template", au kwenye Writer File, Templates, "Save as Template". Kiolezo hicho ukikifungua kwa kubofya mara mbili kwenye Word, kinakupa faili jipya lisilo na jina, na kile cha asili kinabaki salama. Ukitaka kukirekebisha chenyewe, lazima ukifungue kwa File, Open.